Wanyama Wangu Wako Nyuma ya Kamba za Nguo

Wacha nianze na kitu kinachonikera: tuache kuwaita wanasiasa vinyonga. Najua ni utani wa kila msimu wa kura. Mheshimiwa akihama chama asubuhi na kurudi jioni, simu zetu zinajaa picha za kinyonga. Lakini mimi nimekaa na vinyonga karibu mwaka na nusu sasa, mchana na usiku, na nakuambia tunawasingizia. Kinyonga habadilishi rangi ili afanane na yeyote aliyesimama karibu naye. Anabadilika akikasirika, akiogopa, akisikia baridi ya asubuhi, akiona dume mwingine kwa tawi lake. Yaani ile rangi ndiyo inakuambia ukweli wa vile anajisikia. Sasa nitajie mwanasiasa mmoja wa hivyo.

Na nikisema nimekaa na vinyonga sio mafumbo. Nyumbani ni Kinoo, ndani ndani kidogo ukitoka Waiyaki Way, kwa ploti ya zile nyumba za zamani za mstari. Milango minane, tenki la maji upande huu, choo upande ule, na nyuma kabisa, pale kamba za nguo zinapoishia, kuna fensi ya kayaba. Kama ulikulia upande huu unaijua kayaba: miiba mirefu inayopenya hadi slipa, na matunda ya manjano makali kama ndimu ambayo tulikuwa tunakula tukitoka shule mpaka meno yanakufa ganzi. Ploti ya jirani wamejenga gorofa, na ng'ambo ya pili wamejenga gorofa. Sisi tumebaki katikati kama jino lililosahaulika.

Usiku mmoja stima zilipotea mtaa mzima. Nilitoka kuanua nguo kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga, tochi ya simu mkononi, na kwenye ncha ya kijiti nikaona kitu cheupe cheupe kama jani lililopauka. Halafu nikaona jani lina mkia, na mkia umejikunja kama chapati iliyoviringwa kabla ya kusukumwa. Alikuwa amelala fofofo. Nikasogeza tochi, nikaona mwingine. Nikasogeza tena. Fensi yenyewe ni hatua kama arobaini hivi, na nilihesabu saba. Mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa nimesimama hapo saa nzima naanika mashuka na sikuona hata mmoja.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo ndiyo njia wanayotumia hata watafiti. Mchana kinyonga ni jani kati ya majani. Usiku rangi yake inafifia, anaenda kulala mwisho wa kijiti chembamba ambapo nyoka akija lazima atikise kijiti chote, na tochi ikimpiga anang'aa. Huhitaji kamera ya bei, huhitaji darubini. Unahitaji tochi ya simu na subira ya kutembea polepole kando ya majani kama mtu aliyeangusha funguo.

Huyu wetu ni kinyonga wa pembe tatu, yule wanasayansi wanamwita kinyonga wa Jackson. Dume ana pembe tatu usoni, mbili juu ya macho na moja puani, kifaru aliyezidishiwa. Za jike ni ndogo ama hana kabisa. Pembe si za urembo. Madume wawili wakikutana kwa tawi moja wanasukumana nazo mpaka mmoja aanguke ama akubali yaishe, na mechi yenyewe inaenda mwendo wa lori la mawe likipanda mlima, kwa hivyo unaweza kwenda kutega maji, ukarudi, ukute bado wako raundi ya kwanza. Ulimi wake ni mrefu kuliko mwili wake ukitoa mkia. Macho yanazunguka kila moja kivyake, moja linakuchunga wewe na lingine linamchunga nzi. Hana sumu. Hatemi chochote. Akiudhika sana anafura, anatoa sauti kama pumzi ya baiskeli, anafungua mdomo, na ukimsumbua zaidi anaweza kukuuma kidogo. Hiyo ndiyo silaha yake yote.

Na huyu ni wetu kabisa. Kwao ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Lakini kuna stori moja ambayo bado inanishangaza kila nikiifikiria. Mwaka 1972 vinyonga kadhaa wa aina hii walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii ili wauzwe kama wanyama wa kufuga. Walifika wamechoka, mwenye duka akawaachilia kwa bustani ya nyumba yake wapate nguvu. Basi. Hawakungoja kuitwa tena. Leo wameenea kwa visiwa kadhaa vya huko, na serikali ya Hawaii inawahesabu kama wavamizi kwa sababu wanakula wadudu na konokono wa asili wa kule. Kwa hivyo kuna mtoto wa Honolulu anayemjua kinyonga wa Kiambu kuliko mtoto wa Kiambu.

Hapa ndipo maoni yangu yako, na sitayazungusha. Tumefundishwa kwamba mnyama wa porini ni kitu cha kulipia. Darasa la sita tulichanga pesa ya basi tukapelekwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ni mahali pazuri, sikatai, kilomita mraba 117 za nyika zilizotengwa tangu 1946, na jiji limesimama nyuma ya twiga. Lakini tulichoona wengi wetu ni mgongo wa nyati mmoja na vichwa vya wenzetu waliowahi madirisha. Tulirudi tukaandika insha kwamba tumeona wanyamapori, kisha tukashuka stejini tukapita chini ya waya za stima zenye ndege wanne tofauti bila hata mmoja wetu kuinua kichwa. Nchi hii ina zaidi ya aina 1,000 za ndege na msee wa kawaida wa Nairobi anawajua watatu: kuku, kunguru, na wale korongo wa kando ya Nyayo Stadium wanaonyea magari.

Mimi mwenyewe nilianza na vinyonga tu, lakini ukishazoea kuangalia, jicho halikubali tena kufungwa. Wale wanaotuamsha saa kumi na mbili kwa kelele kama mlango wa geti usiotiwa mafuta, wanaitwa kwarara. Wana mdomo mrefu uliopinda, wanautumbukiza kwenye udongo laini karibu na tenki na kutoa minyoo kama mtu anayevuta tambi. Mwewe anazunguka juu ya kibanda cha smoki pale stejini na akiona mtoto anashangaa, smoki imeenda. Shore, yule mdogo wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anamaliza matunda ya kayaba bila kukunja uso, sijui amewezaje.

Halafu kuna mbwigu. Huyu ukimwona mara ya kwanza utampenda. Mweusi juu, mweupe chini, mkia mrefu, anakaa juu ya waya wima kama askari wa geti. Mathee alikuwa anasema ni ndege msafi. Nilimchunguza wiki moja nikagundua ana bucha. Anakamata panzi, anamchoma kwa mwiba wa kayaba, anamwacha hapo, anaenda kutafuta mwingine. Nilipata siku moja miiba minne yenye nyama: panzi wawili, mende mkubwa, na nusu ya mjusi. Kama hana mwiba anatumia seng'enge. Makucha yake hayana nguvu kama ya mwewe, kwa hivyo mwiba ndio unamshikia nyama akirarua.

Namwambia mtu yeyote anayeniuliza nianzie wapi: chagua mahali pamoja na urudi hapo hapo. Sio kuzunguka. Mimi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa robo saa asubuhi kabla ya kazi, na usiku napita na tochi mara mbili kwa wiki. Naandika kwa kitabu cha hesabu cha kurasa 48, tarehe, mvua ama jua, nani nimemwona na wapi. Siku za kwanza unaandika kurasa zinazofanana mpaka unajiuliza kama una akili. Wiki ya tatu unaanza kuona kwamba dume mwenye pembe iliyovunjika halali kamwe upande wa choo. Wiki ya sita unajua mbwigu ana saa zake. Hakuna video ya dakika moja itakupa hiyo, na nasema hivyo mimi ambaye natengeneza video za dakika moja.

Picha nikipata nzuri naweka kwa iNaturalist, ni programu ya bure, watu wanaojua wanakusaidia kutambua ulichopiga. Lakini kwa vinyonga naficha mahali, programu yenyewe inakuruhusu. Ndiyo maana hata hapa nimesema Kinoo na sitasema ploti gani. Kuna watu wanakusanya hawa wanyama kwenda kuwauza. Jamaa mmoja wa gorofa ya jirani aliniuliza kama naweza kumpea mmoja afuge kwa keja yake. Nikamwambia Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haitaki mtu afuge mnyama wa porini bila kibali, na pia hana nzi wa kutosha. Alicheka, akaacha.

Mvua za Aprili zilipoanza kupungua, Jumapili moja, nilikuwa nafua. Jike mmoja niliyekuwa nimemwandika kama "Mnono" alikuwa ametoka ndani ya fensi mchana peupe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Anatembea kwa tawi hatua mbili mbele, anasimama, anatingisha mwili. Nikaona kitu kinatoka nyuma yake kama tone la uji, kikanasa kwa jani la chini. Lile tone likajinyoosha. Likapasua utando wake. Likawa kinyonga, mzima, na macho yanazunguka, urefu kama wa njiti ya kiberiti mbili ukiziunganisha. Likaanza kutembea. Vinyonga wengi hutaga mayai wakayafukia, lakini huyu wa pembe tatu anabeba ujauzito miezi mitano hadi sita na anazaa watoto wazima. Mnono alizaa kumi na wanne nikiwa nimesimama na sabuni mikononi. Hakugeuka kumwangalia hata mmoja. Kila mtoto alichagua njia yake, na yeye akarudi ndani ya majani kama mtu aliyetoka kupiga foleni ya benki.

Niliita watu. Brayo wa mlango wa tano, ana miaka minane, alikuja mbio. Mama yake akaja kumrudisha. Mathee akasimama mlangoni kwetu, hakusogea hata hatua moja. Mathee amekua akiambiwa kwamba kinyonga ni mkosi, kwamba mjamzito akimwona ni mbaya, kwamba akipanda kwa nguo yako hatoki. Sikubishana naye. Mtu aliyefundishwa kuogopa kitu tangu utotoni humshindi kwa maneno ya Jumapili moja. Nilimwachia tu nafasi ya kuangalia akiwa mbali, na alikaa hapo mlangoni mpaka wa mwisho akazaliwa, akasema, "Maskini, hata hawapigwi busu," akaingia ndani.

Siku iliyofuata saa mbili asubuhi mbwigu alikuwa na watoto watatu kwenye miiba.

Brayo alilia. Alienda akaleta feya yake na kokoto, na ni mimi nilimzuia. Haikuwa rahisi kumweleza, kwa sababu hata mimi tumbo lilikuwa limefunga. Wale watoto nilikuwa nimewahesabu mmoja mmoja. Lakini mbwigu naye alikuwa na kiota kwa mti wa jirani, na vifaranga walikuwa wanapiga kelele tunawasikia. Nilimwambia Brayo ndiyo maana Mnono alizaa kumi na wanne na sio wawili. Akaniuliza, "Sasa nani yuko na makosa?" Nikamwambia hakuna. Hakupenda hilo jibu na sidhani kama ningelipenda nikiwa na miaka minane.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo video za wanyama huwa zinatuficha. Unaletewa simba anaua pundamilia, lakini unajua ni mbali, kuna muziki, kuna mtu anasimulia kwa sauti nzito. Nyuma ya nyumba yako hakuna muziki. Unaenda kuanika soksi na unamkuta kwa mwiba mtoto uliyemwona akizaliwa.

Mwezi Julai, wakati wa ile baridi ya kuuma masikio, landilodi wetu alitutangazia kwamba ataondoa kayaba ajenge ukuta wa mawe. Landilodi wetu ni Cucu, mama wa miaka zaidi ya sabini, na hakuna mtu kwa ploti anamwita jina lingine. Sababu yake haikuwa mbaya. Wezi walikuwa wameingia kupitia nyuma mara mbili, wakaenda na mtungi wa gesi wa mlango wa pili na viatu vyote vya mlango wa saba. Wapangaji wenyewe ndio walikuwa wamemlilia ajenge. Mama Brayo alikuwa mstari wa mbele. Hata mathee alipiga makofi.

Kwa hivyo nielewe vizuri: mimi nilitaka ukuta pia. Nina laptopu ambayo sijamaliza kuilipia. Hii sio stori ya kijana mzuri na landilodi mbaya, na huwa nachoka na watu wanaoandika mambo ya mazingira kana kwamba mwenye shida ya usalama ni adui wa miti. Kilichonikosesha usingizi ni namna kazi hufanywa. Vijana wanakuja na mapanga, wanakata kila kitu siku moja, wanakusanya katikati ya ploti, wanamwaga mafuta taa, wanawasha. Kinyonga akiogopa hakimbii. Anashikilia tawi zaidi. Kwa kitabu changu wiki hiyo walikuwa kumi na mmoja.

Nilienda kwake Jumamosi na kitabu. Alikuwa anachambua maharagwe kwa baraza. Nilimsalimu, nikakaa, tukaongea kuhusu baridi na bei ya unga mpaka yeye mwenyewe akaniuliza nimeleta shida gani.

"Cucu, ni mambo ya fensi."

"Hutaki ukuta?"

"Nataka. Nataka tu tuwatoe wanaoishi ndani kwanza."

Nilimwonyesha kitabu, nikamwonyesha picha kwa simu. Alisogeza simu mbali na uso kama wazee wanavyofanya, kisha akairudisha haraka. "Huyu! Wewe unajua huyu alitufanyia nini?" Akanisimulia ile hadithi ambayo labda hata wewe cucu wako alikusimulia, kwa sababu iko kwa Wakikuyu na iko kwa jamii zingine nyingi za Kibantu, kila mtu na yake. Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa kabisa, wataamka tena. Kinyonga akaenda mwendo wake. Alipofika akaanza kugugumiza, "niliambiwa... niliambiwa..." na kabla hajamaliza, ndege akaingilia na kutoa habari nyingine, kwamba watu watakufa na wasirudi. Ndiyo maana tunakufa. Ndiyo maana wakimwona wanamchoma.

Nikamwambia, "Lakini Cucu, huyu ndiye alikuwa na habari nzuri. Aliyetuharibia ni ndege."

Akaacha maharagwe. Akaniangalia. Akacheka mpaka akakohoa, akaita binti yake jikoni aje asikie vile mtoto wa siku hizi anabishana na Mungu. Kisha akarudi kuwa landilodi. Ukuta utajengwa. Vijana ameshawalipa nusu. Hawezi kujengea vinyonga nyumba na watu wanaibiwa gesi.

Nilichomwomba kilikuwa kidogo, nilikuwa nimekifikiria njiani. Waanze kukata mbele getini wakielekea nyuma, polepole, siku mbili badala ya moja. Matawi yasichomwe, yalazwe nyuma kando ya shamba la nepia la jirani angalau wiki, ili aliye ndani apate njia ya kuhama. Na ule upande wa nyuma uwe wa mwisho. Akanyamaza muda mrefu. Akasema siku mbili ni pesa za siku mbili. Nikasema ya siku ya pili tutachanga. Akasema, "Nani na nani?" Hapo sikuwa na jibu zuri, lakini nilienda mlango kwa mlango jioni hiyo na milango mitano ikatoa. Mlango wa saba hawakutoa na sikuwalaumu, viatu vyao ndivyo vilienda. Mama Brayo alitoa mia mbili akasema anatoa kwa sababu mtoto wake anamsumbua.

Siku ya kukata, mmoja wa wale vijana alimwona kinyonga kwa tawi aliloshika, akatupa panga na kuruka mtaro. Mwanaume mzima, mikono kama ya fundi wa magari. Brayo akapita mbele yake na fimbo. Tulikuwa tumefanya mazoezi: humshiki kwa mkono, unaweka fimbo mbele ya miguu yake na unangoja. Anaikagua na jicho moja, anainua mguu mmoja, anaurudisha, anauinua tena. Mwishowe anapanda. Unambeba na fimbo yake mpaka nyuma, unaegemeza fimbo kwa majani, unaenda zako, yeye anamaliza safari akitaka. Kila mmoja alitumia kama dakika kumi. Wale vijana walianza kwa kucheka, wakaishia kutuita kila wakimwona mmoja: "Nyinyi wa vinyonga! Hapa kuna mtu wenu!" Tulihamisha sita. Wa saba tulimkuta amekatwa na panga, hakuna aliyemwona mapema.

Matawi yalilala kando ya nepia siku tisa kisha yakachomwa. Nilipita hapo kila usiku kabla ya hizo siku kuisha. Usiku wa kwanza kulikuwa na watatu bado wamelala juu ya matawi yaliyokauka, kana kwamba hakuna kilichotokea. Usiku wa nane hakukuwa na mtu. Sijui kama walienda nepia, ama fensi ya nyuma, ama mbwigu aliwaona wakivuka. Mbwigu mwenyewe alihamia seng'enge ya gorofa ya jirani na bucha yake sasa iko juu huko, siifikii.

Ukuta wa mbele na wa pembeni umesimama. Ni mzuri, sitadanganya, usiku nalala vizuri na laptopu iko. Mambo mengine nimeyaona yakibadilika bila mtu kuyatangaza. Shore wamepungua, wanakuja asubuhi tu. Mbu nahisi wameongezeka lakini hilo sina namba zake kwa kitabu, kwa hivyo usininukuu. Kayaba yenyewe, wacha niseme kabla mjuaji hajaniambia, sio mti wa kwetu. Ulitoka kusini mwa Afrika, hata jina lake la Kiingereza linatokana na mto Kei wa huko, ukaletwa hapa upandwe kama fensi. Kinyonga hakujali cheti cha kuzaliwa cha mti. Aliona miiba, kivuli na nzi, akahamia.

Kama uko Nairobi na unataka kuanza na watu badala ya peke yako kwa ndoo, kila Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kuangalia ndege ya Nature Kenya, yanaanzia pale Makumbusho. Fleur Ng'weno ameyaongoza tangu 1971, kabla mathee wangu hajazaliwa. Nilienda mara moja nikiwa na likizo. Nilidhani nitakuta wazungu wazee na kofia tu. Niliwakuta, na pia nikakuta vijana wa rika langu wanaotambua ndege kwa sauti tu, bila kumwona. Nilirudi nyumbani nikihisi kwamba kitabu changu cha kurasa 48 ni cha nasari.

Upande wa nyuma bado una kayaba. Hatua kumi na nne. Mawe ya ukuta wake yameshafika, yamepangwa kando ya tenki, na kuna mjusi tayari amejenga maisha ndani yake. Kilichochelewesha ni pesa, Cucu ana mjukuu anayeingia chuo. Juzi alikuja kuchukua kodi jioni na badala ya kwenda akasimama karibu na kamba za nguo, leso mabegani, akaniuliza wako wangapi. Nikamwambia usiku wa Jumanne walikuwa watano, na mmoja ni mdogo sana, labda ni wa Mnono. Akasema nisifikiri amebadilisha mpango, fundi anakuja Januari. Nikasema nimeelewa, Cucu.

Giza lilikuwa limeingia. Akanyoosha mkono akaniomba tochi.